Kiti cha Nyuma

Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti bandani, amebana pini midomoni, akivuta kitambaa kipya juu ya mbavu za bawa la chini. Ilikuwa ndege kuukuu ya mafunzo ya jeshi, yenye mabawa mawili-mawili yaliyopandana kama ghorofa. Mdogo wake akamwamkia kutoka kiti cha nyuma.

"Shikamoo, dada."

Alitema pini kwanza. "Marahaba. Kumbe uko huku."

"Niko."

Alikuwa vilevile: sare ya mwanafunzi wa urubani, ndevu bado zinasitasita kuota. Dada mtu alishajaa mvi. Jeneza lililoletwa nyumbani na jeshi, na amri kwamba lisifunguliwe, lilikuwa jepesi kama kabati tupu. Mama yao alilisema hilo mpaka anazikwa, watu wakadai uchungu umempanda kichwani.

Mwenye ndege, tajiri wa mahoteli, hakushangaa.

"Huyo nilimkuta. Jeshi lilipoichoka ndege lilimuuzia mkulima, akainyunyizia pamba dawa. Kijana alikohoa misimu yote. Mkulima akawauzia watu wa sinema. Wao walifurahi, maana hakuhitaji kuvalishwa. Sinema ilipofilisika nikainunua mimi. Sote tumeuziana ndege pamoja na vilivyomo."

"Huyu si kifaa. Ni mtoto wa mama yangu."

"Basi mshushe."

Alimshika kwapani, kama alivyokuwa akimtoa kwenye beseni la kuogea utotoni. Kijana hakubanduka.

"Injini ilizima tukiwa juu," alieleza kwa upole. "Mwalimu akaniambia nisitoke mpaka aniamuru. Kisha akaruka na mwavuli wake. Ndege ilianguka, wakaiunda upya nikiwa humu. Bado hajaniamuru, dada."

Fundi aliketi juu ya bawa. Jeshi lilikuwa limetangaza kwamba mwanafunzi alikaidi amri ya kuruka kwa mwavuli, na baba yao alikufa akiitwa baba wa mkaidi.

Mwalimu yule sasa alikuwa jenerali mstaafu, na ndiye aliyealikwa kuizindua ndege. Siku ya uzinduzi fundi alimkabili kabla hajafika kwenye utepe.

"Afande, mwambie ashuke. Neno moja tu."

Mzee alimtazama kijana. Kijana akampigia saluti, mzee akaipokea.

"Mama, nikimwamuru leo, wataniuliza kwa nini sikumwamuru siku ile."

"Na wakuulize."

"Nina wajukuu," alisema, akasogea kukata utepe.

Alihutubia kwa kirefu, habari za nidhamu. Alisema ndege ile ndiyo iliyowafundisha vijana utii. Wageni walipiga makofi, na kijana kwenye kiti cha nyuma akapiga nao, kwa nguvu kuliko wote.

Wahudumu wakaanza kupitisha vinywaji. Upande wa ndege hawakufika. Dada mtu akaenda kumtafutia mdogo wake maji.