Toleo la Kwanza

Nilipofiwa na mume wangu, watu walinitendea wema, na wema wao umeniumiza karibu sawa na kifo chenyewe. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Anayetaka kununa, anune.

Mume wangu, Abdulrazak, alikuwa mpiga video za harusi hapa Bagamoyo. Yeye alishika kamera. Mimi, Hafidha, nilikaa dukani kwenye kompyuta nikikata na kuunganisha. Sasa mpiga picha haonekani kwenye picha. Sina video hata moja yenye uso wake akisema neno. Ujumbe wa sauti kwenye simu ndiyo kabisa hakuutaka. Alipiga, akasema lake, akakata. Nilichokuwa nacho ni zile video ghafi, kabla hazijasafishwa, ambamo anasikika nyuma ya kamera akiwachokoza watu: "Bibi harusi, tabasamu basi, unaolewa, hupelekwi rumande!" Kazi yangu ilikuwa kuikata sauti hiyo ili mteja asiisikie. Nimeikata harusi baada ya harusi, lakini video ghafi sikufuta hata moja.

Zote zilikaa ndani ya sanduku jeusi la kuhifadhia mafaili, lililounganishwa na kompyuta kwa waya. Lilikuwa kuukuu. Mashine mbili kama hizo huzungumza kwa itifaki, yaani lugha ya kuelewana, na itifaki ina matoleo, jipya juu ya la zamani. Sanduku letu lilijua toleo la kwanza tu. Kompyuta za siku hizi, usipoziambia toleo, hujichagulia la karibuni, na hilo la kwanza hazilitaki kabisa kwa kuwa lina matundu ya kupitia wezi. Zikikosa kuelewana na sanduku, hazipigi kelele. Mstari mmoja wa malalamiko hupita kwenye kioo wakati kompyuta inawaka, basi. Kinachobaki ni folda yenye jina lile lile, na ukiifungua ndani hamna kitu. Asiyejua atasema sanduku ni tupu.

Mimi nilijua. Kwenye kompyuta yetu niliandika kwa mkono wangu kwamba ianze na toleo la kwanza. Nywila ya sanduku tuliijua wawili, mimi na marehemu.

Alikufa kwa presha, ghafla, akiwa Lugoba kwenye harusi ya watu. Wakamleta tukamzika, nami nikaingia eda, miezi minne na siku kumi. Mama mkwe wangu, Bi Mwanvita, akachukua simu yangu akaitia kabatini. Akatangaza kwa ukoo mzima: mjane asiletewe habari za dukani. Aachwe amlilie mumewe.

Kila Ijumaa baada ya swala alikuja shemeji yangu Twalib, mdogo wa marehemu, ambaye sasa ndiye aliyekuwa akilishika duka. Alisimama nje ya mlango, akakohoa, akabisha hodi.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo. Dukani vipi?"

"Dukani salama, shemeji. Wewe usijisumbue na dukani."

Akaacha samaki, akaenda zake. Ijumaa zote hizo, neno ni hilo hilo. Nikawa namuombea dua kwa upole wake. Na mimi, kusema kweli, niliivumilia eda ile kwa jambo moja: siku nikitoka nitakwenda dukani, nitavaa visikizio, nitamsikia Abdulrazak.

Siku ya kutoka nilioga, nikavaa kanga mpya, wakanifukiza udi. Wengine walikuwa bado wanakula biriani nami niko njiani kwenda dukani.

Mezani palikuwa na kompyuta ngeni. Ile yetu, Twalib akaniambia, iliungua umeme ulipokatika na kurudi. Nikafungua folda ya harusi. Tupu. Nikacheka! Twalib akanishangaa. Nikamwambia, "Hii haijaambiwa toleo, shemeji. Subiri uone." Nikageuka kuutazama waya, nikaona rafu ya sanduku haina kitu.

"Sanduku liko wapi?"

Uso wake ukang'aa. "Tumelitoa sadaka, shemeji, kwa jina la kaka. Liko madrasa, Mlingotini. Lilikuwa halina kitu, tukasema lisikae bure."

Nilimtuma aite bajaji. Njia nzima nilijiambia kwamba sanduku halijali limewekwa wapi. Vitu vyake vimo ndani, vinangoja kuulizwa kwa lugha yake.

Ustadhi Mahmoud alitupokea vizuri. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kunipa pole ndefu. Sanduku lilikuwa kwenye meza ya chumba cha walimu, limefunikwa kitambaa cha kufuma. "Tunashukuru sana," akasema, "ila kompyuta yetu haijaweza kuliona." Nikaketi. Nikaandika toleo la kwanza. Nywila yangu likaikataa, Twalib akanitajia nyingine. Nyingine? Nikaiandika.

Likafunguka mara moja. Diski nzima nyeupe, wazi mwanzo hadi mwisho. Utupu huu ulikuwa wa kweli.

"Twalib," nikasema, na sikumwita shemeji, "nani amelifuta?"

"Fundi, Yunus. Nywila ya kaka hatukuijua, ikabidi lianze upya. Na sadaka, shemeji, hutolewa safi. Si ndivyo?"

Ustadhi akaitikia kwamba ndivyo.

"Kwa nini hamkuniuliza?"

"Ulikuwa edani." Alilisema kwa heshima kabisa, kama mtu anayesubiri kushukuriwa. "Nilikuwa na swali la hiyo nywila, nikalileta mpaka mlangoni. Nikaona haya. Mtu anamlilia mumewe, umuulize habari za mashine?"

Nikamwambia kilichokuwamo. Sikupaza sauti mbele ya ustadhi, ingawa nilitamani kuvunja meza. Nilimwambia kwamba kaka yake alikuwa mle, anaongea, anacheka, miaka yote, na kwamba hakuna pengine popote alipo. Twalib alisikiliza mdomo wazi. Kisha akakaa sakafuni na kanzu yake ya Ijumaa, akaanza kulia kwa kwikwi.

"Ungetuambia, shemeji! Ungesema neno moja tu!"

"Mngeniuliza."

Ustadhi, maskini, hakujua ashike lipi. Akakohoa, akaniuliza taratibu kama naweza kuifanya kompyuta yao iwe inalifungua sanduku yenyewe kila asubuhi, maana wanataka kuhifadhi kisomo cha wanafunzi. Nikamfanyia. Niliweka toleo la kwanza liwe ndilo la kuanzia, nikazima, nikawasha, folda ikafunguka. Akasema alhamdulillahi, akainua mikono amuombee Abdulrazak, na Twalib akaitikia amina kutoka pale sakafuni.

Mimi sikuweza kuitikia. Miezi yote ile walinipa pole nami nikazipokea, na kumbe nilikuwa bado sijafiwa, maana sauti yake ilikuwa ikiningoja. Sasa ndiyo nilifiwa, na eda imekwisha, na hakuna tena atakayeniacha nilie.