Kumi na Saba Ndani, Tisa Nje

Muuguzi wa chumba cha upasuaji walimwita Kompyuta, naye jina hilo hakulichukia. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akimkabidhi daktari vyombo huku kichwani akitunza hesabu ya vitambaa vya kufyonzea damu, hata mwenzake wa kuandika ubaoni akajiona yupo kutimiza idadi tu.

Asubuhi hiyo mwenzake aliitwa chumba cha pili.

"Nenda tu," Kompyuta alimwambia. "Hesabu ninayo."

Mezani alilala dereva wa lori aliyepasuka wengu. Vitambaa vikaingia tumboni, vingine vikatoka. Daktari akaomba mkasi, akapewa koleo. Akaomba tena, akapewa koleo jingine.

"Dada, leo masikio umeyaacha nyumbani?"

Masikio alikuwa nayo. Neno lilifika vizuri, ila lilikuta pamejaa: kumi na saba ndani, tisa nje, kumi na saba ndani, tisa nje. Akilisikiliza neno, namba zinamponyoka. Akizing'ang'ania namba, mkono unajiendea wenyewe.

Mara mshipa ukafumuka. Damu ikajaa tumboni.

"Koleo! Uzi! Fyonza hapa!"

Akaziachia namba. Hakuzisahau, aliziachia kwa makusudi, kama mtu anayetua mzigo ili afungue mlango. Kuanzia hapo kila chombo kilifika mkononi mwa daktari kabla hajamaliza kukitaja.

Mshipa ulipofungwa, daktari akaomba sindano ya kushonea tumbo.

"Bado," alisema Kompyuta. "Hesabu sina."

"Huna vipi? Wewe?"

"Nimeitupa, daktari. Vyote viwili nisingeviweza."

Daktari wa usingizi alitazama mashine yake, akasema mgonjwa anaweza kusubiri kidogo. Wakahesabu pakiti zilizofunguliwa: vitambaa thelathini. Wakahesabu vilivyotoka: ishirini na tisa. Daktari akarudisha mkono tumboni, akapekua. Kitambaa kilikuwa kimejificha nyuma ya utumbo, kimelowa hadi kufanana na nyama.

"Thelathini," alisema, akakidondosha ndooni. "Sasa nipe sindano."

Akapewa sindano.

Mchana, Kompyuta akiwa chumba cha kubadilishia nguo, mumewe alipiga simu. "Ukirudi, pitia sabuni, viberiti, betri za redio, na—"

"Baba watoto, niandikie."

"Umekasirika?"

"Sijakasirika. Niandikie tu."