Hashtegi ya Miguu Isiyolingana

Fundi viatu alikuwa na kibanda chini ya ngazi za jengo la ghorofa nne, na aliyetaka kumwona ilimbidi ainame mlangoni. Mikono yake ilinuka gundi hata siku ya mapumziko. Viatu vyake havikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni wateja. Kutwa watu walipita juu ya kichwa chake kwa mamia, na waliokunja kona kuingia kwake hawakuzidi watatu.

Mdogo wake, msusi mwenye mdomo usiopumzika, ndiye aliyemfungulia ukurasa mtandaoni.

"Dada, unaweka picha halafu unaandika 'viatu vizuri'. Nani atatafuta 'viatu vizuri'? Angalia kinachovuma siku hiyo, chomeka hashtegi yake. Watu wakiifuata, wanakukuta umekaa hapo na viatu vyako."

Fundi akajifunga kibwebwe. Kila asubuhi, kabla hajagusa kisu, alipekua simu kuona watu wanazungumza nini. Siku ya mechi kubwa, aliweka hashtegi ya mechi. Mwigizaji fulani alipoachana na mumewe, fundi akachomeka viatu katikati ya ugomvi wao. Watazamaji wakamiminika, elfu mbili, elfu tano. Mteja hakuja hata wa kubandika kisigino.

"Wanakuja kuangalia mpira," alimlalamikia mdogo wake. "Mimi ni yule mtu aliyesimama mbele ya runinga."

"Kaza moyo, watazoea."

Jumatatu moja aliikuta #TukoPamojaNanyi ikivuma kuliko zote. Maneno yakampendeza. Hakufungua kusoma. Aliweka picha ya viatu vyekundu, akaandika: "Tuko pamoja nanyi mpaka kwenye sherehe! Karibuni."

Kumbe hashtegi ilikuwa ya watu waliofukiwa na jengo lililoporomoka juzi yake.

Kabla hajamaliza kushona soli moja, simu ilikuwa imefurika matusi. "Huna haya?" "Unauza viatu juu ya maiti?" Mdogo wake alikuja mbio, kitana bado mkononi.

"Futa! Funga ukurasa, ukae kimya mwezi mzima. Watasahau."

Fundi alikuwa ameshafuta picha. Lakini hakuiweka simu chini.

"Kufuta, nimefuta. Kujificha, hapana. Wamenisema kwa haki."

Akaandika: "Niliweka tangazo bila kusoma watu wanalia nini. Kosa ni langu peke yangu. Nawaomba radhi wafiwa wote." Hakuweka picha wala namba ya simu.

Matusi hayakukoma. Katikati yake muuguzi mmoja aliandika: "Radhi haivaliki. Hapa wodini nina majeruhi waliobaki na mguu na nusu. Hivyo viatu vyako watavivaaje?"

Fundi alisoma mara tatu. Wengine wote walikuwa wamemfokea. Huyu alikuwa amemuuliza swali la kazi. Akajibu: "Naruhusiwa kuja kuwapima?"

Muuguzi alimpa namba ya wodi na saa za kuona wagonjwa.

Kesho yake alasiri alikwenda na utepe, penseli na karatasi. Wawili walimgeuzia mgongo, naye hakuwasumbua. Wa tatu alikuwa mwashi, mtu wa makamo, aliyepoteza vidole vyote vya mguu wa kulia.

"Wewe si yule wa viatu vyekundu?"

"Ndiye mimi, kaka."

Mwashi akafunua shuka. "Haya, pima. Ila usinitekenye. Mguu umekatika, haujafa."

Kazi ikamtoa jasho. Kiatu cha kwanza kilimchubua mwashi kisigino. Cha pili kilikunjika mbele alipokiegemea. Fundi akachonga upya kalibu, kigogo chenye umbo la mguu ule, akajaza ngozi tabaka kwa tabaka pale vidole vilipokuwa, akaikaza soli. Mwashi, ambaye sasa alikuwa nyumbani, alikivaa hicho cha tatu, akatoka mpaka barabarani na kurudi bila fimbo.

"Nipige picha," alisema.

"Watasema nimerudi kulekule."

"Nani kakwambia uiweke wewe? Naiweka mimi. Mguu ni wangu."

Chini ya picha aliandika #MiguuHailingani.

Haikuvuma. Siku ya kwanza waliitumia watu tisa tu. Lakini tisa hao walikuwa na shida ya viatu kweli: dereva aliyevimba mguu mmoja kwa kisukari, mama ambaye kila mara alimnunulia binti yake jozi mbili ili apate moja. Wakaja, wakainama mlangoni. Nao wakaweka picha zao, wakaleta wengine. Baada ya miezi mitatu watu walikaa kwenye ngazi wakisubiri zamu.

"Dada, tuchomeke na hashtegi ya uchaguzi," mdogo wake alimshawishi. "Tutapaa!"

"Sina haja ya kupaa. Nina miguu kumi na saba inanisubiri."

Msusi akacheka, akaanza kumfungulia barua za siku hiyo. Moja ilitoka kwa mwalimu wa mbali sana, asiyeweza kusafiri. Alikuwa amechora nyayo zake mbili kwenye karatasi za daftari zilizounganishwa kwa gundi, na pembeni ameandika panapouma.

Fundi alizitandaza mezani, akaweka rula, akaanza kupima ya kushoto.