Chipukizi la Mama Wayua

Nasema wazi: hakuna kitu kinachonitia kinyaa duniani kama funza wa mgomba. Mweupe, mnene, anajinyonganyonga ndani ya tunguu la chini ya udongo kama amelipia nyumba. Ptuu!

Mwaka ule wa sabini na tisa wadudu hao walimaliza migomba yote ya Bomeni. Mimi Mutindi nikabahatika kupata machipukizi sita safi. Nikayamenya mpaka yakawa meupe, nikayakata vipande, kila kipande na jicho lake, nikavichovya kwenye maji moto, nikavilaza katika unga wa mbao kivulini. Sitini vikaota! Wanawake wa kikundi chetu walikuwa wanaisubiri hiyo miche. Watoto wao walikuwa wanalalia uji mtupu.

Ndipo dada yangu akaugua, nikaenda Voi kumuuguza mwezi mzima.

Niliporudi, katikati ya kitalu changu nikakuta chipukizi kubwa, limepandwa na udongo wake na uchafu wake wote.

"Ni la mama," mume wangu Wambua akasema, yaani Mama Wayua, mkwe wangu. "Alisema umewakatakata watoto ukawaacha mayatima. Akawaletea mama yao kutoka shambani kwake."

"Shamba gani? Lile lililooza?"

"Sasa ningemkatazaje? Mama ni mama."

Nikaling'oa. Lo! Likakatikia mkononi, uji mweusi ukanichuruzika hadi kiwikoni, unanuka kama panya aliyefia darini, funza wakadondokea kanga yangu. Nikapasua mche uliokuwa kando yake. Umetobolewa. Nikapasua mwingine. Vilevile.

"Na mbona imebaki michache?"

Wambua akaangalia kando. "Mvua ilinyesha. Niliwagawia wanawake jana."

"Uliona funza?"

"Niliona. Lakini juu iko kijani, Mutindi. Nani atachungulia chini?"

Ebo! Mdomo huo huo ndio unaobariki chakula mezani kwangu! Funza anakula kwa sababu ni funza, hajui lingine. Nilimtazama mume wangu nikatema mate chini.

Nikachukua jembe. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Susan, mjane. Alikuwa ameizungushia miche yake mitatu miiba, mbuzi wasiifikie. Aliponiona akapiga vigelegele, akamtuma binti yake akamkamate jogoo, wanipe shukrani.

Niliondoa miiba, nikainama mbele yake, nikaanza kung'oa.