Betri ya Bibi

Betri ile ililetwa kwa ajili ya Bibi. Nalisema mapema, maana baadaye hata sisi wenyewe tulisahau.

Umeme ulikuwa unakatika hovyo, na Bibi, mama yake Baba, alikuwa anapumua kwa mashine. Ni kiboksi chenye magurudumu, kinavuta hewa ya chumbani na kumpelekea ile safi kwa mrija wa puani. Kinavuma kama friji kuukuu. Daktari alisema mchana Bibi anaweza kupumzika bila mashine akiwa amekaa, lakini jua likizama tu iwashwe, na isizimwe mpaka kupambazuke. Basi Baba akauza pikipiki yake. Fundi wa sola akaja, akapanda na paneli zake juu ya bati, akafunga betri kwenye ukuta wa korido, pembeni ya chumba tulicholala mimi na Bibi. Ilikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha asilimia zilizobaki.

Mwanzoni raha tupu. Umeme ukikatika mtaa mzima unakuwa giza, Bibi anavuma tu.

"Mimi sasa ni mtambo," anasema. "Mke mwenzangu, hebu njoo unitie mafuta."

Mke mwenzake ni mimi. Wengine nyumbani wananiita Kimya, kwa sababu naongea kama mtu anayeuziwa maneno. Dada yangu mkubwa wanamwita Redio, na hilo halihitaji maelezo.

Mambo yalibadilika siku fundi aliporudi kumwekea Baba programu ya betri kwenye simu.

"Mzee, usidhani hii kitu ni ya giza tu," fundi alimwambia. "Umeme wa nje bei yake haifanani saa zote. Kuanzia magharibi mpaka watu walale, hapo ndipo wanakukamua. Sasa wewe mchana jaza betri kwa jua, jioni kula betri. Wa nje usiuguse. Na kazi nzito zote zifanyike jua likiwa utosini, maana saa hizo paneli zinamwaga mpaka zinakosa pa kumwaga."

Baba anatunza stoo ya vifaa vya ujenzi. Maisha yake yote ni kuangalia kitu kisipotee, hata msumari. Alimsikiliza fundi kama mtu anayepewa siri ya ukoo.

Tangu hapo nyumba yetu ikawa na saa za jua na saa ghali. Mama anapiga pasi nguo za watu, na alizoea kuzipiga jioni kukiwa na ubaridi. Akahamishiwa mchana, chini ya bati, akawa anajifuta uso kila dakika ili jasho lisidondokee mashati ya wenyewe. Maji ya chai yalichemshwa mchana yakakaa kwenye chupa. Friji ikawa inazimwa magharibi, eti ikishapoa imepoa. Taa ikabaki moja, ya sebuleni.

"Meneja," Redio akamwuliza Baba, "na kupumua je, tupumue saa ngapi?"

Tulicheka. Hata Bibi kule chumbani alicheka, tulimsikia.

Kila jioni kabla ya kula, Baba alisimama koridoni akasoma kioo kwa sauti, kama mtangazaji wa mpira. "Themanini na tatu!" Tukimaliza kula anarudi tena. "Sitini na sita." Hapo anashusha pumzi. "Ni mashine. Mashine inakula."

Hakusema kwa ubaya. Alisema vile mtu anavyosema mvua inanyesha. Lakini mlango wa chumba chetu ni pazia, na masikio ya Bibi yalikuwa mazima kuliko mapafu yake.

Halafu asilimia zikaanza kubaki. Tunamaliza kula, vyombo vinaoshwa, na kioo bado kiko juu ya sabini. Baba akafurahi mpaka akawa anapiga mluzi asubuhi akienda kazini kwa miguu. Akasema ni nidhamu. Akasema haba na haba. Mama akampiga jicho akasema, "Haba zako zote ziko mgongoni kwangu." Lakini na yeye alikuwa anatabasamu. Tulikuwa hatujamsikia Baba akipiga mluzi siku nyingi.

Bibi ndiye aliyekuwa anadhoofika. Asubuhi alichelewa kuamka, na sentensi moja aliigawa mara tatu. Tukasema ni umri.

Jioni moja Baba alimwita fundi aje ajionee mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naosha vyombo, ndala yangu ikakatika kamba. Nikaiacha pale, nikaingia ndani pekupeku.

Chumba kilikuwa kimya.

Bibi alikuwa amekaa kitandani, mrija uko puani, mikono kwenye magoti, anavuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Mashine ilikuwa imezimwa. Midomo yake ilikuwa rangi ya jivu.

"Leo umekuja bila miguu," akasema.

Ndipo nikaelewa. Kila jioni alikuwa anasikia ndala zangu zikija, anawasha; na mezani, kwa maneno ya Redio, hakuna aliyesikia kwamba mvumo umekatika.

"Bibi, mashine."

"Nimeizima mimi. Ukija nawasha... usiogope."

"Kwa nini?"

Alingoja pumzi irudi. "Baba yako ameuza pikipiki. Anatembea na jua lote lile. Halafu akisoma ile namba... ikawa kubwa... si unamsikia anavyofurahi? Mimi nimekaa tu hapa nakula umeme. Nimpe nini kingine mwanangu?"

Niliwasha mashine. Ikakohoa, ikaanza kuvuma. Bibi akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mungu ameniwekea mtu wa kufunika jambo," akasema. "Ingekuwa Redio, mtaa mzima ungeshajua. Hili ni letu, mke mwenzangu."

Huko koridoni fundi alikuwa ameinama kwenye kioo.

"Mzee, mimi nakwambia ukweli, hizi namba hazitoki kwenye friji na taa. Kuna mzigo mkubwa wa umeme mmeuzima."

"Hakuna tulichozima! Ni mpangilio tu, fundi. Wewe si ndiye ulinifundisha?"

"Mimi nilikufundisha, ndiyo. Lakini hesabu inakataa."

Nilisimama kwenye pazia. Mbele ya mgeni mimi huwa hata shikamoo inanitoka nusu. Nikamwangalia Bibi, akatikisa kichwa: usiseme.

"Ni Bibi," nikasema.

Wote wakageuka. Redio, aliyekuwa mezani, akaanza, "Haya, kimya kingi..." akakatiza hapo hapo.

"Anazima mashine. Kila jioni. Ili zibaki nyingi."

Baba alinipita akaingia. Alipiga magoti pale kitandani na viatu vyake vya kazi, akamshika mama yake miguu.

"Mama. Nani alikwambia uzime?"

"Hakuna aliyeniambia, mwanangu," Bibi akasema. "Ulikuwa unasoma kwa sauti."

Jioni ile ile fundi alibadilisha kila kitu. Betri ikawekwa ibaki imejaa kwa ajili ya mashine, vingine vyote viende kwa umeme wa nje, ghali au si ghali. Baba akachukua gundi ya karatasi, ile ya kufungia maboksi stoo, akakifunika kioo. Mama akarudi kupiga pasi jioni. Mashine ikavuma bila kukatika.

Ila pumzi ya Bibi haikurudi pale ilipokuwa. Tulimpeleka hospitali, na huko ndiko alikofia. Daktari alisema moyo wake ulikuwa umechoka tangu zamani. Baba akamwuliza zile jioni zilichangia kiasi gani. Daktari akasema hilo haliwezi kujulikana. Baba akauliza tena, na tena, kama mtu anayeomba agombezwe. Daktari akakataa kumgombeza.

Mashine ilikuwa ya kuazimwa. Wakaja kuichukua. Sakafuni kwetu ilibaki mistari miwili ya magurudumu, na mimi nikifagia naikwepa.

Betri hakuna aliyeigusa, na jua halikuacha kuijaza. Nadhani fundi ndiye aliyekuja kuirudisha kwenye mpango wa zamani, kwa nia nzuri tu, Baba akiwa kazini. Jioni moja tuko mezani, simu ya Baba ikalia. Redio akaichukua akasoma, maana yeye husoma chochote kilicho karibu yake.

"Hongera! Jioni hii nyumba yako haijatumia umeme wa nje hata kidogo. Hii ndiyo akiba yako kubwa kuliko..."

Akaiweka simu mezani.

Baba akasimama. Akawasha taa ya jikoni, ya chumbani kwao, ya chooni, ya nje. Akachomeka friji.

"Piga pasi," akamwambia Mama.

"Nguo zimeisha, baba watoto."

"Piga chochote."

Mama akaenda akatoa shuka la Bibi kabatini, lililokwisha kunyooshwa, akalitandika mezani akaanza kulipitisha pasi. Redio akajaza maji kwenye birika la umeme bila kuulizwa. Mimi nikaenda kuwasha taa ya kwetu. Baba akabandua gundi kwenye kioo, akasimama pale pale alipokuwa anasimama zamani.

"Tisini na mbili," akasema polepole.

Tukangoja. Nyumba ilikuwa inang'aa kama ya wenye sherehe.

"Tisini na moja."

"Inashuka, Baba," Redio akasema. Sijawahi kumsikia akiongea kwa upole hivyo.

"Haishuki," Baba akasema. "Haishuki kama ilivyokuwa inashuka."

Birika likachemka, likajizima lenyewe. Baba akalifuata jikoni, akaliwasha tena.