Tafsiri ya Kisasi

Severin alikuwa akiingiza sauti ya Kiswahili kwenye filamu ya Kihindi, chumbani kwao mtaa wa Satwa, ughaibuni. Shujaa, rangi nyekundu ya hekaluni ikiwa kwenye paji la uso, alimwinulia upanga muuaji wa kaka yake.

“Mtafsiri, ongeza chumvi!” alisema Rama, mwenzake wa chumba, ameshika simu ya kurekodia. “Mwambie, ‘Hii ni ya kaka yangu!’ Jamaa asife bila kuambiwa kitu, kama kuku!”

Severin alifungua mdomo. Asubuhi mama yake alikuwa amepiga simu kutoka Bukoba: aliyemuua kaka yake Severin ametoka jela, anaomba msamaha, na ni Severin wa kumjibu. Alitafuta hasira, akatafuta huruma, asipate kitu.

“Khalas, inatosha, Rama. Tutaendelea kesho.”

Akamwandikia mama yake vivyo hivyo: jibu atalitoa kesho.