Kicheko cha Stoo

Hakuna anayesimulia kama mimi. Nikifungua mdomo hata kuku huacha kudonoa. Juzi nilimsimulia paka wangu kisa hiki hiki, akainuka akahamia kwa jirani. Basi nitakisema kilivyo, bila manjonjo.

Asubuhi moja Fundi alisimama nje ya mlango wa wadi ya wanawake, akagonga, akangoja. Kifuani alikuwa na kitambulisho kipya kilichoandikwa "Mhudumu Mwenza". Zamani alikuwa fundi cherehani, kisha akaugua akili, akalazwa wadi hiyo hiyo, akapona. Sasa hospitali ilikuwa imemwajiri akae na wagonjwa, kwa kuwa yaliyowafika wao yalimfika naye. Kazi alipewa, ila ufunguo hakupewa. Wahudumu wenza hawakabidhiwi funguo, maana waliwahi kuwa wagonjwa. Kwa hiyo aligonga kuingia, akagonga kutoka, na katikati akawaambia wenzake kwamba mtu hupona akaaminiwa.

Kicheko chake kilikuwa humo ndani kabla yake. Alipokuwa mgonjwa walimfungia chumba cha mwisho wa korido, kile kisicho na dirisha, na siku walipomtoa kicheko kikabaki. Hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu. Watu husahau viatu hospitalini, husahau hata meno ya bandia. Fundi akitoa mzaha, uso wake ulitulia kama sinia, na kicheko kilisikika kule mwisho, kinene, chenye mkoromo katikati. Mfagiaji alikuwa amekizoea, akipitisha dekio pale mlangoni hukisalimia. Aliyechoka ni binti yake Fundi, nyumbani.

"Mama, nakuchekesha mpaka mbavu zinaniuma mimi. Kakifuate kicheko chako, jamani."

Ndiyo sababu aliomba kazi. Siku ya kwanza tu alimwendea Metroni, mkuu wa wauguzi wa wadi.

"Metroni, naomba unifungulie kile chumba. Naingia, nachukua changu, natoka."

"Kile siku hizi ni stoo, mpenzi. Kuna vitanda vibovu. Na ufunguo wake ulipotea zamani. Hapa hatumfungii mtu tena."

"Na kicheko changu?"

"Kwani kinakula? Kiache."

Fundi akauma mdomo, akaenda kukaa na wagonjwa. Aliyemzoea zaidi ni msichana waliyemwita Redio, kwa sababu kila asubuhi alipanda juu ya kitanda, kijiko mbele ya mdomo kama kipaza sauti, akatangaza mambo ya wadi. "Hii ni taarifa ya habari. Chai ya leo imeiona sukari kwa mbali." Redio hakuogopa sindano wala daktari. Aliogopa chumba cha mwisho.

"Hakuna atakayekutia mle, mdogo wangu," Fundi alimwambia.

"Na wewe ukishaenda kwako?"

"Hata nikienda. Chumba chenyewe hakina ufunguo."

Redio akamshika mkono, akalala.

Basi ile asubuhi niliyoanza nayo, Fundi alipofunguliwa mlango, alikuta kitanda cha Redio kimetandikwa, shuka limevutwa likanyooka.

"Shangazi yake alikuja kumchukua," alisema Metroni. "Aliondoka anacheka."

Kandambili za Redio zilikuwa chini ya kitanda.

"Ameondoka pekupeku?"

"Shangazi alimletea viatu. Hebu nyoosha kola, wageni wanaingia."

Wageni walikuwa wakubwa wa wakubwa, wamekuja kuutazama mpango mpya. Metroni akawapokea kwa sauti ya asali. "Huyu ndiye Mhudumu Mwenza wetu. Amepitia, anajua, na sisi tunamsikiliza sana." Akamtaka Fundi awaeleze alivyopona.

Fundi akawaeleza habari ya suruali.

"Mteja aliniletea suruali nipunguze kiuno. Baada ya wiki akairudisha, niongeze. Wiki nyingine, nipunguze. Nikamwambia, baba, suruali iache nyumbani, niletee tumbo."

Kicheko kikalipuka mwisho wa korido. Mgeni mmoja, mzee mwenye miwani, akauliza kule kuna nini.

"Stoo," alisema Metroni.

"Inacheka?"

"Ni hiyo moja tu, mzee. Nyingine zimetulia."

Mzee akaridhika. Lakini Fundi alikuwa bado ametega sikio. Kicheko chake alikijua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe, na nyuma yake kulikuwa na kingine, chembamba, kikimfuata mwenzake kama mtoto aliyeshika upindo wa gauni.

"Metroni, mle mna vicheko viwili."

"Stoo ni kubwa."

Mpishi akaingia na sahani iliyofunikwa, kijiko juu yake, jasho linamtoka. Hakuwatazama wageni. "Metroni, njoo unifungulie stoo, chakula kinapoa na mimi nimeacha sufuria motoni."

Mkono wa Metroni ulikuwa umeshafika shingoni, kwenye kamba aliyoning'iniza ufunguo uliopotea. Ukasimama hapo hapo. Wageni wote wakautazama.

"Ni cha panya," alisema Metroni. "Tunawategea."

"Kwa kijiko?" aliuliza mwenye miwani.

Fundi akatembea korido nzima, akaweka kiganja kwenye ule mlango. Ndani, mtu akasafisha koo.

"Hii ni taarifa ya habari," ilisema sauti. "Panya wa stoo wanashukuru kwa chakula cha jana. Wanaomba chumvi."

Kicheko cha Fundi kikafuata, kinene, na mkoromo wake. Fundi mwenyewe alisimama mdomo umefumba, kiganja bado mlangoni.

Mwenye miwani akatoa kalamu, akaandika: chumvi.